Vitu vya kawaida vinavyostahili kupigwa picha ugenini: majibu kutokana na safari zangu

Mwenzetu ameuliza swali zuri. Anajiandaa kwa safari yake ya kwanza ndefu itakayompitisha nchi kadhaa, na hataki kurudi na picha za minara na makanisa ambazo kila mtu anazo. Anatafuta vile vitu vidogo vya mitaani vinavyomfanya mgeni asimame na kujiuliza, "Hiki nacho ni nini?" Anataka kujua avitafute wapi, avipige vipi, na kama kamera ya simu itamtosha. Nimekuwa nikipiga picha za aina hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, na nitajibu kwa urefu kwa sababu yapo makosa niliyoyafanya ambayo sipendi ayarudie.

Msingi wa jibu langu ni huu: kitu cha ajabu unachokutana nacho ugenini, mara nyingi ni dawa ya tatizo ambalo wenyeji wanalijua na wewe hulijui. Ukilijua tatizo hilo, unajua pia usimame wapi na ubonyeze saa ngapi. Usipolijua, unabaki na picha ya kichekesho ambayo baada ya mwaka mmoja wewe mwenyewe utashindwa kuieleza.

Hilo nilijifunza Paris. Asubuhi ya kwanza niliona kipande cha zulia kuukuu, kimeviringishwa na kufungwa kwa kamba, kimelazwa kwenye mfereji ulio kati ya barabara na njia ya waenda kwa miguu. Nikatembea kidogo nikaona kingine, na kwenye kona kulikuwa na cha tatu. Nilivipiga vyote, nikiamini kwamba ni takataka zilizosahauliwa na gari la taka. Siku ya tatu nilitoka mapema zaidi, nikamkuta mfagiaji wa barabara aliyevaa sare ya kijani ameinama ukingoni akifungulia maji kwa ufunguo, na maji yakaanza kububujika kutoka kwenye tundu lililo usawa wa barabara. Alilisogeza zulia kwa mguu, akalilaza kimshazari, akalikandamiza kidogo kwa kisigino. Maji yaliyokuwa yakielekea kushoto yakasita, yakajaa, kisha yakageuka kulia na kuteremka na mfereji yakikokota vishungi vya sigara na majani makavu, naye akiyafuata kwa ufagio mrefu wa nyuzi za plastiki za kijani. Kumbe zulia lile ni lango la maji. Jiji hilo lina mtandao wa pili wa mabomba, uliojengwa karne ya 19, ambao maji yake hayanywewi. Huchotwa katika mto Seine na mfereji wa Ourcq, na kazi yake ni kuosha barabara na kumwagilia bustani. Maji hutoka kwenye tundu bila kujua upande wa kwenda, na kipande cha zulia ndicho kinachoyaelekeza. Picha za siku ya kwanza nilizifuta. Ya siku ya tatu, yenye kiatu cha kazi, zulia lililolowa na maji yakipinda, ninayo hadi leo, na watu huniomba niwaeleze habari zake kuliko picha yoyote ya mnara niliyowahi kupiga.

Kosa langu kubwa zaidi lilitokea Japani. Kwenye njia za miguu za huko kuna mistari ya vigae vya manjano vyenye miinuko, na mahali pamoja niliona mstari huo ukienda moja kwa moja, kisha ukipinda ghafla kuizunguka nguzo na kurudi kwenye mwelekeo wake wa awali. Nilipiga picha, nikaiweka mtandaoni na maneno ya kumdhihaki fundi aliyevipanga. Baada ya siku chache niliandikiwa na mtu asiyeona, ambaye ndugu yake alikuwa amemsomea maneno yangu na kumweleza picha ilivyo. Hakuandika kwa hasira. Alinieleza kwamba kigae chenye mistari mirefu iliyoinuka humwambia mwenye fimbo nyeupe aendelee mbele, na chenye vinundu vya duara humwambia asimame na kuwa mwangalifu, kwa kuwa mbele kuna barabara, ngazi au ukingo wa jukwaa la treni. Mkunjo ule nilioucheka ndio unaowaepusha watu kama yeye na ile nguzo. Niliyaondoa maneno yangu, nikamwomba radhi, na tangu siku hiyo siandiki neno chini ya picha kabla ya kujua kilichomo.

Vigae hivyo vilibuniwa mwaka 1965 na Mjapani aitwaye Seiichi Miyake, na vilitandazwa barabarani kwa mara ya kwanza tarehe 18 Machi 1967 katika jiji la Okayama, karibu na shule ya wasioona. Leo vimeenea katika vituo vya treni na vivuko vya nchi nyingi sana, kwa hiyo mwenzetu atakutana navyo popote aendako. Avipige asubuhi sana au jioni, jua likiwa chini, ili kila kinundu kiwe na kivuli chake. Saa sita mchana vinaonekana bapa kama karatasi iliyopakwa rangi. Rangi ya manjano nayo ina kazi, kwa sababu wapo watu wenye uoni hafifu wanaoufuata mstari huo kwa macho, kwa hiyo asiipoteze rangi hiyo kwa kuigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe.

Akiwa Japani asisahau pia kutazama mifuniko ya chemba za maji taka. Kuanzia miaka ya 1980 miji ya huko ilianza kuchora mifuniko yake, kila mji na alama zake: Osaka una ngome yake iliyozungukwa na maua ya cheri, na miji mingine ina samaki, madaraja, milima au maua yanayoota kwao. Lengo mojawapo lilikuwa kuwafanya wananchi waipende miradi ya maji taka, ambayo ni ghali na haionekani kwa kuwa iko chini ya ardhi. Michongo hiyo husaidia pia matairi yasiteleze mvua inaponyesha. Tangu mwaka 2016 kuna hata kadi za kukusanya zenye picha za mifuniko hiyo, zinazotolewa bure kwa mtu aliyefika mwenyewe mahali husika. Mfuniko upigwe ukiwa umesimama juu yake moja kwa moja, kivuli chako kikiwa nyuma yako, na ikiwezekana mara tu baada ya mvua, kwa sababu chuma kilicholowa hutoa rangi zote.

Mengine nitayapitia haraka, kwa kuwa ukishaelewa namna ya kutazama utayaona mwenyewe. Amsterdam, inua macho hadi kwenye kilele cha nyumba za zamani: utaona boriti yenye kulabu imetokeza juu ya dirisha, na utagundua kwamba nyumba nyingi zimeinamia mbele kidogo. Ngazi za ndani ni nyembamba na zenye mwinuko mkali, hivyo kabati na kitanda hupandishwa nje kwa kamba na kapi, na mwinamo ule unasaidia mzigo usijigonge ukutani. Berlin, taa za waenda kwa miguu zina mtu mdogo mwenye kofia. Alichorwa mwaka 1961 na Karl Peglau, mwanasaikolojia wa masuala ya barabarani wa Ujerumani Mashariki, na yule mwekundu amenyoosha mikono yote miwili kama kizuizi cha njia. Baada ya nchi kuungana ilitakiwa abadilishwe, lakini watu walimtetea mpaka akabaki. La Paz, nchini Bolivia, tangu mwaka 2001 kuna vijana wanaovaa mavazi ya pundamilia na kusimama kwenye vivuko kuwavusha watu na kuwafundisha madereva subira. Boston, wakati wa theluji, utaona kiti cha jikoni kimesimama peke yake barabarani. Aliyekiweka amefukua theluji kwa koleo ili apate pa kuegesha gari, na utaratibu wa jiji kwa sehemu kubwa unamruhusu kuilinda nafasi hiyo kwa saa 48 baada ya dharura ya theluji kutangazwa kwisha. Kwangu mimi kiti kile, na theluji ikiwa imerundikana pande zote mbili, kinaeleza majira ya baridi ya mji ule kwa ukamilifu kuliko picha ya mto ulioganda.

Kuna sehemu ambazo ajabu yake imeshakuwa maarufu, na huko ushauri wangu ni kwamba uipe mgongo. Mfano mzuri ni soko la Maeklong nchini Thailand, ambalo limepangwa juu ya reli inayotumika. Treni inapokaribia, wauzaji hukunja vivuli vya turubai na kurudisha bidhaa nyuma, treni hupita polepole ikiwa karibu kuwagusa, kisha kila kitu hurudishwa mahali pake kana kwamba hakuna kilichotokea. Wageni wote huielekezea kamera treni. Nilipofika mara ya pili niligeuka nikaangalia chini, nikaona kwamba baadhi ya meza za bidhaa zina magurudumu madogo na husukumwa nyuma kwa mkono mmoja, na kwamba mboga zilizopangwa chini sana haziondolewi kabisa, kwa sababu behewa hupita juu yake bila kuzigusa. Mwanamke mmoja aliirudisha meza yake nyuma bila hata kuangalia, huku akiendelea kumrudishia mteja chenji. Mkono ule ndio niliokuwa nimeufuata, ingawa wakati huo sikujua.

Wapo wanaoona kwamba kupiga picha za vitu kama hivi ni mchezo usio na maana. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Picha ya kwanza inayojulikana kumwonyesha binadamu, aliyoipiga Louis Daguerre mwaka 1838 kutoka dirishani katika barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris, ilihitaji dakika kadhaa za mwanga, kwa hiyo watu wote na magari ya farasi yaliyokuwa yakipita hayakuacha alama. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Na Eugène Atget, aliyefariki mwaka 1927, alitumia miongo kadhaa akibeba kamera nzito ya vioo na kupiga vibao vya maduka, ngazi, na vishikizo vya milango ya jiji hilohilo, vitu ambavyo wapita njia hawakuvijali, na leo sehemu kubwa ya Paris ya zamani tunaifahamu kwa kazi yake.

Sasa kuhusu watu. Kitu cha mtaani kina mwenyewe, na nyuma ya kamba ya nguo zilizoanikwa kuna familia. Mimi huinua kamera kidogo, humtazama mhusika usoni na kusubiri. Akitikisa kichwa kukataa, ninashusha kamera, ninamshukuru na kuondoka. Sheria nazo zinatofautiana sana: Hungaria tangu mwaka 2014 inataka ridhaa ya mtu kabla hata ya kumpiga picha, achilia mbali kuichapisha, na Ujerumani kwa kawaida huwezi kuisambaza picha ya mtu anayetambulika bila idhini yake. Katika mtaa wa Gion, Kyoto, vichochoro vya watu binafsi vina mabango yanayokataza kupiga picha, na anayekaidi hutakiwa kulipa yeni 10,000, hatua iliyokuja baada ya wageni kuwaandama geisha, wanawake wasanii wa jadi wa mtaa huo, wakiwa njiani kwenda kazini. Soma bango kabla ya kutoa simu mfukoni. Vilevile, picha ya nyumba au ya mtoto usiiweke mtandaoni pamoja na taarifa za mahali ilipopigwa. Simu huzihifadhi ndani ya faili bila wewe kuziona, na zinaweza kuzimwa kwenye mipangilio.

Simu inatosha. Picha yangu ya zulia niliipiga kwa simu. Kinachohitajika ni kupiga kila kitu mara tatu: kwa mbali, ili mtaa wote uonekane, kwa umbali wa kati, ili ionekane kitu hicho kimeshikamana na nini, na kwa karibu, ili mtu aone fundo la kamba, kutu, au alama za vidole. Mahali ambapo ukubwa hautambuliki, acha kiatu au mkono wako uingie pembeni. Kisha uandike usiku uleule, kabla ya kulala: jina la mtaa, saa, hali ya hewa, uliyemuuliza ni nani kwa kazi yake, na alichokujibu kwa maneno yake. Kwenye safari zangu za mwanzo sikuandika, na nina mamia ya picha ambazo sijui tena ni za mji gani. Kuna moja ya mlango wa bluu wenye matundu matatu madogo yaliyopangwa wima karibu na ardhi, ambayo nimewaonyesha watu wengi bila kupata anayejua matundu yale ni ya nini. Ningemuuliza yule mzee aliyekuwa amekaa kando yake, ningejua.