Kona ya Ubao: Ukilishwa, Si Lazima Ule

*Maswali ya wasomaji kuhusu sataranji. Anajibu mwalimu mstaafu wa hisabati, Tanga.*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa bajaji, Mbagala. Kijiweni kwetu kwenye drafti sina mpinzani. Mwaka jana kijana mmoja alituletea sataranji nikaipenda, sasa nacheza kwenye simu nikisubiri abiria, dakika tatu tatu. Tatizo nafungwa mno, tena mapema. Juzi nilimla malkia wa mtu bure kabisa, nikajua kazi imekwisha. Hatua mbili mbele nikawa nimefungwa mimi! Nimekutumia hatua zote. Nisome kitu gani? – Mfalme wa Drafti

Marahaba, mwanangu. Mchezo wako nimeupanga hapa barazani, na nilipofika hatua ya tano nikacheka peke yangu hadi jirani akachungulia. Ngoja niwaeleze wenzako kilichotokea, maana wengi watakipitia.

Kila nyumba ya ubao ina jina lake, herufi ya safu na namba ya mstari. Mweupe alianza kwa askari e4, nawe ukajibu e5. Akatoa farasi f3, ukalinda kwa askari d6. Askofu wake akaja c4, wako ukampeleka g4, akambana yule farasi wa f3: akiondoka tu, malkia aliye nyuma yake yuko wazi. Mpaka hapo sina neno. Akatoa farasi wa pili c3, ukasogeza askari g6. Ndipo farasi "aliyebanwa" akaruka, akala askari wako wa e5 na kumwacha malkia wake mdomoni mwako. Ukamla. Askofu wake akala f7, cheki, yaani mfalme wako ameshambuliwa. Mfalme wako alikuwa na nyumba moja tu ya kukimbilia, e7. Farasi wa pili akatua d5 na ikawa mwisho. Malkia wake unaye mkononi, mchezo huna.

Mtego huo ni wa kale. Unaitwa kwa jina la Légal, Mfaransa wa karne ya 18 aliyemfundisha Philidor, na Philidor ndiye aliyekuwa mchezaji mkubwa kuliko wote wa zama zake. Kwa hiyo usione haya, umeliwa na mkubwa.

Ila dawa yake haimo kitabuni, na ndiyo maana sikutajii kitabu. Kwenye drafti, kula ni sheria. Mtu akikulisha huna ujanja, unakula huku unaona kabisa anakwenda kukuvuna kete tatu. Miaka yote hiyo kijiweni mkono wako umezoea kwamba kilicho wazi kinaliwa. Kwenye sataranji ukilishwa unaweza kusema ahsante, nimeshiba. Siku ile ungemwacha malkia, ukamla farasi wa e5 kwa askari wako wa d6, mweupe angekula askofu wako wa g4 kwa malkia wake, na hasara yako yote ingekuwa askari mmoja. Mchezo bado mbichi kabisa.

Drafti hiyohiyo imekupa kitu ambacho wanafunzi wangu wengi hawana. Unajua kupiga hesabu ya "nikienda hapa lazima aje hapa, nikimlisha hiki nakula vile". Usikitupe. Kila mpinzani anapocheza, kabla hujafikiria mpango wako wowote, tafuta vitu vitatu kwa macho yake: anaweza kunipa cheki gani, anaweza kula nini, na anatisha nini. Kisha ichague hatua yako, na kabla hujaigusa simu rudia maswali yaleyale matatu kana kwamba umeshaicheza. Kwa mchezaji wa kiwango chako na cha wengi wanaoniandikia, michezo inapotea kwa kete iliyoachwa bila mlinzi. Mambo ya mbinu za kina, udhaifu wa nyumba nyeusi na kadhalika, yatawahusu siku kete zitakapoacha kuliwa bure.

Na hizo dakika tatu ziache. Ndani ya dakika tatu hakuna anayejiuliza maswali matatu, unachofanya ni kurudia mazoea yako kwa kasi. Cheza mmoja wa dakika kumi na tano, na nyongeza ya sekunde kumi kwa kila hatua, usiku ukishapaki. Mchana, ukisubiri abiria, fungua mafumbo: unapewa ubao, unatafuta hatua ya ushindi, abiria akija unaacha bila kumkosea mtu. Lichess, tovuti na programu ya sataranji, wanayo bure na hawana matangazo. Usikisie fumbo. Ukiona jibu, lifuate mpaka mwisho kichwani ndipo uguse.

Ukifungwa, usikimbilie kompyuta ikuonyeshe makosa kwa rangi nyekundu. Pitia mwenyewe kwanza, useme ni hatua ipi ulianza kuharibikiwa na ulikuwa unafikiria nini wakati ule. Kompyuta itakuambia hatua nzuri ilikuwa ipi. Haiwezi kukuambia kwamba uliharakisha kwa sababu abiria alikuwa anapunga mkono.

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, Dodoma, nina miaka 49. Binti yangu wa darasa la tano amejifunza sataranji shuleni akanifundisha na mimi. Kila tukikaa ananifunga kwa hatua nne, malkia na askofu wanakuja kwenye f7, kisha anacheka mpaka anagaragara. Akili ya umri wangu bado inashika vitu vipya, au niishie kumpangia kete? – Mama Mwanafunzi

Mama, tuanze na huyo anayegaragara, umri tutauzungumza baadaye.

Akicheza askari e4, jibu e5. Malkia wake akitoka mpaka h5, mkono utakuwasha umfukuze papo hapo kwa askari g6. Usithubutu! Atakula askari wa e5 kwa cheki, na malkia wake atakuwa anaitazama pia ngome yako ya h8 kwa mshazari. Utaokoa mfalme, ngome itakwenda. Kwanza toa farasi c6, alinde huyo askari wa e5. Askofu wake akija c4, sasa ndipo usogeze g6. Malkia atarudi f3, bado anaitamani f7. Toa farasi wa pili f6, umzibie njia. Baada ya hapo tazama ubao: wewe farasi wako wawili wako kazini, yeye malkia wake ametembea mara mbili na hajapata kitu. Endelea kutoa kete zako moja moja, mfiche mfalme pembeni kwa ile hatua ya pamoja na ngome, na kila malkia wake anapokaa pabaya mshambulie kwa kete ndogo, akimbie tena. Atanuna. Mwache anune, ndivyo naye atakavyojifunza.

Kuhusu kumbukumbu, jambo hili lilichunguzwa zamani. Mholanzi Adriaan de Groot, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji hodari, aliwaonyesha watu ubao kwa sekunde chache kisha akawaambia waupange upya. Mabingwa waliupanga karibu wote, wachezaji wa kawaida wakaambulia kete chache. Mtu angesema basi, mabingwa wamezaliwa na vichwa vya ajabu. Lakini mwaka 1973 Chase na Simon, kule Marekani, walijaribu pia ubao ambao kete zake zimetawanywa ovyo, zisizofanana na mchezo wowote, na ule ubora wa bingwa ukayeyuka karibu wote. Anachokumbuka bingwa ni maumbo aliyokwisha kuyaona mara nyingi: mfalme aliyefichwa nyuma ya askari watatu, farasi na malkia wanaokaribia nyumba moja. Maumbo yanaingia kwa kurudiwa.

Binti yako atayashika haraka kuliko wewe, sitakudanganya. Lakini wewe una uvumilivu wa zamu ya usiku. Mafumbo machache mepesi kila siku, yaleyale uyarudie wiki inayofuata mpaka uyaone bila kuhesabu. Nadhani kurudia fumbo jepesi kunamsaidia mtu mzima kuliko kuhangaika na gumu moja jioni nzima, ingawa wapo walimu wenzangu watakaonibishia.

Mwalimu, kwenye programu moja nina alama 1480, kwenye nyingine 960. Nilihama nikadhani nimepata kichaa. Kiwango changu halisi ni kipi? – Mwenye Wasiwasi, Mwanza

Hakuna aliyekosea. Kila programu ina mizani yake na wachezaji wake. Lichess, kwa mfano, humwanzisha kila mgeni kwenye 1500, kwa hiyo namba za huko huelea juu. Alama za Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, ni kitu kingine kabisa. Zinapatikana kwenye mashindano yaliyosajiliwa, na tangu Machi 2024 haziandikwi chini ya 1400. Chagua programu moja, ulinganishe namba yako ya leo na ya miezi sita iliyopita ndani ya programu hiyohiyo. Na ukishaona imeshuka mara mbili jioni moja, lala.

Hujambo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Eldoret. Nimelipia masomo ya ufunguzi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo, ule wa Sicilian, aina ya Najdorf, nimekariri hadi hatua ya kumi na mbili. Lakini wapinzani wangu hawachezi kama video inavyosema, kufikia hatua ya tatu au ya nne tayari wametoka nje ya njia, na mimi nabaki nikitazama dirisha. Ninunue ufunguzi gani mwingine? – Njia Panda

Sijambo. Usinunue chochote. Pesa hiyo kula chapati.

Wapinzani wako hawajaiona video, watawezaje kuifuata? Najdorf ni ufunguzi mzuri sana, wameucheza mabingwa wa dunia Fischer na Kasparov, lakini walioupenda walijua kwa nini kila askari anakwenda pale alipo. Wewe umenunua majibu ya mtihani ambao hautatungwa. Kwa sasa ukiwa mweusi jibu e4 kwa e5, toa farasi, toa maaskofu, ficha mfalme, usiguse kete moja mara mbili bila sababu. Basi, hayo ndiyo masomo ya ufunguzi, nimekupa bure.

Muda uliobaki uanzie mwisho wa mchezo. Capablanca, Mkuba aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alifundisha hivyo, nami sijaona aliyemshinda hoja. Ubao ukiwa na kete tatu huwezi kukariri wala kujificha, unaona kila kete inafanya nini.

Chukua ubao sasa hivi. Weka mfalme mweupe e6, askari wake e5, mfalme mweusi e8. Zamu ya mweupe. Wanafunzi wengi wanataka kumsukuma askari, na hawana nafasi, maana mfalme wao amesimama mbele yake. Vizuri, ndivyo inavyotakiwa. Mfalme aende d6. Mweusi akija d8 amkabili, sasa askari e6. Mweusi arudi e8, askari e7, mfalme mweusi hana budi kutoka f7, mfalme mweupe d7, na askari anakwenda kuwa malkia. Geuza, zamu iwe ya mweusi, utaona mweupe anashinda vilevile. Kisha hamisha yote hadi mstari wa pembeni kabisa, mfalme a6, askari a5, mfalme mweusi a8. Ushindi haupo tena, ni sare, utasukuma mpaka asubuhi. Ukishaelewa kwa nini, umejifunza zaidi ya hatua kumi na mbili za Najdorf.

Unadhani haya ni ya watoto? Desemba 2024 kule Singapore, mchezo wa 14 na wa mwisho wa kugombea ubingwa wa dunia, Ding Liren na Gukesh walikuwa sawa kwa alama. Zimebaki ngome na askofu kila upande, pamoja na askari wachache. Gukesh alikuwa na askari mmoja zaidi, lakini Ding aliweza kushikilia sare. Hatua ya 55 Ding akapeleka ngome f2, akitaka wabadilishane ngome. Gukesh akakubali, kisha akamsogeza askofu wake d5, na askofu wa Ding pale pembeni hakuwa na njia ya kuukwepa ubadilishanaji wa pili. Kinachobaki ni wafalme na askari, na askari mmoja zaidi ni wa Gukesh. Ding akasalimu amri, na kijana wa miaka 18 akawa bingwa wa dunia. Aliyefungwa pale alikuwa bingwa mtetezi.

Kwa hiyo kila unapotaka kubadilishana kete ya mwisho au ya kabla ya mwisho, ziondoe zote kichwani kwanza, ubaki na wafalme na askari, uhesabu nani anafika. Ukiona hufiki, usibadilishane.

Mwalimu, rafiki yangu anashika kete, anaizungusha hewani, anairudisha, anashika nyingine. Nikimwambia anasema hajaiachia. Sheria ikoje? – Nimechoka, Korogwe

Sheria iko upande wako. Kwenye mashindano, zamu ikiwa yako, ukigusa kete yako kwa makusudi lazima uicheze kama ina pa kwenda, na ukigusa ya mpinzani lazima uile kama inalika. Kuiachia kunaamua tu imekwenda nyumba ipi. Anayetaka kuinyoosha kete iliyokaa upande anatangaza kwanza, "nasawazisha", ndipo aguse, tena kwa zamu yake. Mpe rafiki yako ukurasa huu mkianza, kabla hamjapanga kete. Akikataa, mwambie akalie mikono yake anapofikiria. Wanafunzi wangu wa Jumamosi wanakaa hivyo, wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyefariki.