Kabla hujampandisha mbwa wako jike mdogo

Karibu kila wiki napigiwa simu ya aina moja. "Dada, mbwa wangu jike wa aina ya Maltese ana miezi minane, ameingia joto, nisaidie dume." Nami humuuliza: una akiba kiasi gani unayoweza kuitumia leo usiku? Wengi hudhani nataka kujua kama wana hela ya kulipia dume. Naulizia hela ya upasuaji saa tisa za usiku, maana mbwa wa kilo mbili na nusu akikwama kuzaa hasubiri kupambazuke. Kama hela hiyo haipo, mazungumzo yetu yanaishia hapo, na wengine huninunia.

Nazalisha mbwa wadogo hapa Kimara, Dar es Salaam, mwaka wa tisa huu. Utajiri sijauona. Ukijumlisha chanjo, chakula, dawa ya kupe na safari za daktari wa mifugo, kuna mara nimeuza watoto wote na bado nikatoka mikono mitupu.

Jike wangu wa kwanza alikuwa Maltese, nikamwita Karanga. Aliyeniuzia aliapa kwamba ametimiza mwaka na yuko tayari kupandishwa. Daktari alipomfunua mdomo akakuta bado anabadilisha meno: miezi mitano, labda sita. Ningemsikiliza muuzaji, ningembebesha mimba mtoto. Mbwa wadogo huwahi kuingia joto, wengine wakiwa na miezi sita tu, lakini kuingia joto si kukomaa. Mimi husubiri hadi afike karibu miaka miwili. Muda huo una kazi nyingine pia: kasoro nyingi za urithi hazijioneshi mapema.

Chukua mfano wa pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti. Utamwona mbwa anakimbia vizuri, ghafla anakunja mguu mmoja wa nyuma, anarukaruka hatua mbili tatu, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Watu hucheka, wanasema ana madoido. Ni pia ya goti imehama mahali pake, na mara nyingi atawarithisha watoto. Daktari mzoefu huigundua kwa vidole tu, bila mashine. Mbwa huyo mpende, mlee, ila usimzalishe. Hivyo hivyo kwa mbwa wa aina ya Chihuahua ambaye utosi wake umebaki wazi sana hadi utu uzima. Mwambie daktari asikilize na moyo. Na uliza ukoo bila aibu: nimewahi kuletewa dume mzuri ajabu, tulipofuatilia tukakuta baba yake ndiye baba wa jike wangu. Dume mgeni naye apimwe kabla hajamgusa jike, kwa sababu kuna uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana, na huku kwetu si jambo la nadra.

Ongea pia na majirani kabla hujaanza. Ukuta wangu umepakana na mzee wa Kiislamu ambaye kwake mate ya mbwa ni najisi. Tulikaa barazani tukakubaliana: uzio usiwe na upenyo, na mbwa wasikae upande wa njia anayopita kwenda msikitini. Hatujawahi kugombana.

Sasa mimba. Ni kama siku 63, zinaweza kupungua au kuzidi kidogo. Baada ya siku ya 55 mpeleke akapigwe eksirei ili ujue wako wangapi. Akiwa mmoja tu, ongeza tahadhari, kwani hukua akawa mkubwa kupita njia. Siku za mwisho mpime joto asubuhi na jioni. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likishuka chini ya 37.2, tarajia uchungu ndani ya saa 24. Akisukuma kwa nguvu nusu saa nzima bila mtoto kutoka, au ukaona uchafu wa kijani kabla hajatoka hata mmoja, usianze kuuliza kwenye magrupu ya WhatsApp. Washa gari.

Karanga alizaa salama: wawili, gramu 118 na gramu 96, niliwapima kwa mizani yangu ya unga. Nikajiona fundi. Wiki ya kwanza boksi lao lilitakiwa joto la nyuzi 30 hivi, na umeme ulipokatika nilizungushia khanga chupa za maji ya moto. Kila asubuhi mizani. Mtoto wa gramu 100 anatakiwa kuongeza gramu tano hadi kumi kwa siku. Asipoongeza, kuna tatizo hata kama ananyonya.

Siku ya kumi na saba Karanga alianza kuhema ulimi nje. Nikasema ni joto la Februari, nikamwashia feni. Baada ya saa moja aliwaacha watoto, akawa anatembea miguu imekakamaa kama ya meza, anajilamba pua bila kukoma. Nilipomshika nikasikia mwili mzima unatetemeka, mtetemo mwembamba kama simu inayoita mfukoni. Tulipofika kwa daktari alikuwa amelala ubavu, shingo imekaza.

Kalsiamu ilikuwa imeshuka kwenye damu. Daktari alimchoma sindano ya mshipa polepole sana, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine umeshika kifaa cha kusikilizia moyo, kwa sababu ukiiharakisha moyo unaweza kusimama. Kisha akaniuliza: "Ulikuwa unampa vidonge vya kalsiamu akiwa na mimba?" Nilikuwa nampa. Muuzaji wa duka la dawa aliniambia vitaimarisha mifupa ya watoto. Kumbe ukimlisha kalsiamu ya ziada wakati wa mimba, mwili unazoea kuletewa, na tezi inayoitoa kwenye mifupa inalala. Maziwa yanapoanza kudai, haiwahi kuamka. Chakula bora cha watoto wa mbwa kinamtosha. Vidonge ni mpaka daktari aseme. Watoto niliwalea kwa chupa, maziwa maalumu ya mbwa.

Yule wa gramu 96 ndiye ninayemkumbuka zaidi. Alipofika wiki ya sita, mteja alimtaka kwa sababu alikuwa mdogo kuliko mwenzake, akaniongezea laki mbili juu ya bei. Nilizichukua. Siku ya tatu akapiga simu: "Amelala tu, haamki." Walikuwa wametoka asubuhi hadi jioni, wakamwachia bakuli la chakula ambalo hakuligusa. Mtoto mdogo kiasi kile akikosa kula saa chache, sukari inashuka, analegea, anadegedeka. Kumpaka asali kwenye fizi na kumkimbiza kwa daktari kungeweza kumwokoa, lakini mimi sikuwaambia. Nilirudisha hela zote, na nyuma ya simu nilimsikia mtoto wao akilia.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kama nina wale "wa kikombe", yaani wadogo kiasi cha kuenea kwenye kikombe, namjibu hakuna mbwa wa namna hiyo. Kuna mtoto aliyezaliwa dhaifu, au aliyezalishwa kutoka kwa wazazi waliochaguliwa kwa udogo wao, na kuna mtu anayemwuza kwa bei ya juu. Hatoki mtoto kwangu kabla ya wiki ya kumi, na mdogo kupita wenzake hukaa hadi ya kumi na mbili. Anaondoka na kadi ya chanjo, karatasi ya ratiba ya kula mara nne kwa siku, na namba yangu. Nauliza nani anashinda nyumbani. Nikiambiwa hakuna mtu, simuuzi.

Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ila hakuna atakayekuja kukukagua sebuleni. Kwa hiyo nimejiwekea yangu: jike anazaa mara mbili, akizidi sana tatu, kisha kizazi kinatolewa. Na yeyote aliyeshindwa kumlea mbwa niliyemuuzia anamrudisha kwangu, hata baada ya miaka. Mwaka juzi mmoja alirudi akiwa na miaka minne, mwenyewe kahamishiwa kikazi Mwanza. Alikuja amenenepa kama mto, na kwa mwezi mzima alikuwa anakaa mlangoni kila ikifika saa kumi na moja jioni. Siku hizi hulala chini ya kiti changu.