Mkuu, mbegu za mbaazi zisitoke ghalani bado

Simama hapo hapo. Umesema una kiwanda cha kukamua alizeti Singida, unajaza chupa zenye nembo yako, supamaketi wanataka uwaonyeshe kwamba malighafi inatoka kwenye mashamba yanayorudisha rutuba ya udongo. Kwa hiyo msimu huu unagawa mbegu za mbaazi kwa wakulima 400 wapande pamoja na alizeti, na anayefuata masharti unamwongeza Sh 50 kwa kilo ya alizeti. Halafu ukauliza aina ya mbegu, programu ya kuorodhesha wakulima, kupima kaboni ya udongo na maneno ya lebo.

Mbaazi zikivunwa, nani ananunua?

Hilo hukuuliza. Na mimi sikuuliza, ndiyo maana leo najua harufu ya ghala lenye mbaazi za watu zilizoliwa na fukusi.

Mbaazi yenyewe haina kosa. Mzizi wake unashuka kupita lile tabaka gumu linaloachwa na jembe la trekta, majani yanapukutika shambani, na inajipatia nitrojeni kutoka hewani. Mistari miwili ya alizeti, mmoja wa mbaazi, vyote vipandwe mvua ya kwanza. Mbaazi hukua polepole miezi ya mwanzo kwa hiyo hainyang'anyani sana na alizeti. Kitaalamu uko sawa kabisa. Unakoumia ni kwamba kampuni yako inanunua zao moja huku inamwamuru mkulima alime mawili.

Piga hesabu upande wake, si wako. Tuseme ana ekari 3, anapata kilo 300 za alizeti kwa ekari, na bei ni Sh 800 kwa kilo. Nyongeza yako kwa kilo 900 ni Sh 45,000 kwa msimu mzima. Sasa mpe mbaazi ambazo hazina soko. Mistari ya mbaazi imekula nafasi; alizeti ikipungua kilo 30 tu kwa ekari, zimeondoka Sh 72,000, na nyongeza nayo imeshuka hadi Sh 40,500. Bado palizi, bado kuvuna ganda kwa ganda, bado kupiga na kupepeta. Ukimwambia atenge ekari nzima ya mbaazi kwa mzunguko wa mazao, kapoteza Sh 240,000 na wewe unamrushia 30,000. Huyo hakukaidi mafunzo akirudi kwenye alizeti tupu. Anajua kuhesabu, basi.

Na usiseme "soko la mbaazi lipo, Wahindi wananunua." Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kwa mwaka, na huku kwetu bei ikaanguka vibaya. Wapo waliong'oa mashina wakafanya kuni. Mkulima wa Babati au Kondoa anaukumbuka mwaka huo vizuri kuliko mafunzo yoyote utakayompa. Ukisimama mbele ya mkutano wa kijiji na mfuko wa mbegu, wazee watakuuliza hilo kwanza, na ukijibu "soko huria" mkutano umekwisha, wanabaki kwa ajili ya soda.

Hapa niwaseme kidogo washauri. Wanakuja wiki mbili, wanalala hoteli yenye bwawa, wanakuachia mchoro wa duara wenye mishale ya kijani: udongo, mkulima, kiwanda, mlaji, udongo. Mshale wa zao la pili haupo. Niliulizia, nikaambiwa "hilo litajipanga lenyewe." Ripoti yao ina kurasa 64 za karatasi nzuri nene, kwa sasa inafunika ndoo ya maji ofisini na haipitishi vumbi, siwezi kusema haina kazi.

Kanuni ni hii, ibandike ukutani: mbegu ya zao la pili haitoki ghalani mpaka mnunuzi wa zao la pili awe ameweka sahihi.

Sahihi ya nini? Tani ngapi. Unyevu usizidi asilimia ngapi, maana mbaazi mbichi mbichi zinaoza kwenye gunia. Magunia ya nani. Bei ya chini ambayo haishuki hata soko likilala, na nani anafidia tofauti. Kama ni wewe, ingiza kwenye gharama ya chupa leo, usingoje Septemba. Fedha inalipwa siku ngapi baada ya mizani, kwa simu, na jina la mkulima mwenyewe. Mizani iwe na muhuri wa Wakala wa Vipimo. Ukikubali lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, mara moja umekwisha, kijiji kizima kitajua jioni hiyo hiyo. Ukichelewesha malipo wiki mbili, mlanguzi mwenye noti mfukoni anazoa mbaazi na alizeti yako pia.

Kabla ya kuahidi kununua kijijini, nenda kwa afisa ushirika wa wilaya. Sehemu nyingi mbaazi sasa zinapita AMCOS (chama cha ushirika cha mazao), stakabadhi ghalani (mkulima anaweka mzigo ghala kuu, anapewa risiti) na mnada. Mkataba wako wa mlangoni kwa mkulima unaweza kuwa karatasi tu, na lori lako likazuiwa geti la ushuru na mzigo ndani. Mnunuzi wako lazima awe mtu anayeweza kuingia kwenye mnada huo, na ile bei ya chini uiandike kama fidia juu ya bei ya mnada.

Halafu mifugo. Umetaja aina ya mbaazi inayoitwa Mali. Hiyo ni ya muda mrefu, inavunwa Agosti hadi Septemba. Alizeti inatoka Mei na Juni. Kwa desturi, mavuno yakishatoka mashamba ni ya ng'ombe. Kwa hiyo mbaazi imesimama peke yake, kijani kibichi, katikati ya kiangazi, kundi la ng'ombe 80 linapita. Asubuhi unakuta vijiti. Hapo inatakiwa sheria ndogo: serikali ya kijiji ipendekeze, mkutano mkuu wa kijiji uijadili, halmashauri ya wilaya iidhinishe. Hiyo ni miezi, kwa hiyo huanzi Novemba. Na wafugaji wawemo kikaoni tangu siku ya kwanza, wapewe njia ya kupitisha mifugo na maji. Sheria iliyotungwa na wakulima peke yao inaliwa na ng'ombe pamoja na mbaazi.

Kitu kingine ambacho supamaketi hawatakuuliza: mashudu, yale makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua. Mafuta unayouza hayana rutuba ya shamba ndani yake, ni kaboni, hidrojeni na oksijeni. Nitrojeni, fosforasi na potashi karibu zote zimebaki kwenye mashudu, nawe unayauza kwa lori linalovuka mpaka. Unamhubiria mkulima arudishe uhai wa udongo huku unausafirisha kwa tani. Tenga sehemu, wauzie wakulima wako hao hao kwa bei ya kiwandani, walishe ng'ombe na kuku, samadi irudi shambani. Majivu ya maganda kutoka kwenye boila yana potashi nyingi. Yagawe bure badala ya kuyamwaga korongoni.

Programu ya simu: daftari lenye jina, kitongoji, ekari na namba ya simu linatosha msimu wa kwanza. Kaboni usiiguse miaka miwili ya mwanzo; udongo hubadilika polepole, utapima tofauti za maabara tu.

Weka hapa rasimu ya mkataba wa mbaazi, jina la mnunuzi ulifute, tuipitie pamoja. Kama rasimu haipo, alizeti ipandwe kama mwaka jana.