Aliyejibanza hatembei

SWALI: Natafsiri hadithi za upelelezi. Kamusi yangu inatoa "nyata" au "nyemelea" kwa maneno matano ya Kiingereza: sneak, creep, lurk, skulk na prowl. Matokeo yake kila mhusika wangu ananyata. Nitayatenganishaje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kabla hujafungua kamusi, jiulize: huyu mtu anasogea au ametulia? Hapo hapo lurk inatoka kundini. Ni ya mtu aliyekaa mafichoni, na nia yake haiaminiki. Ndiyo maana hufuatwa na maneno ya mahali kama in, behind na near. Ukiandika "he lurked to the house" umekosea. "A man was lurking behind the lorry" ni "mwanamume alikuwa amejibanza nyuma ya lori". Usikimbilie "kuvizia", maana kitenzi hicho kinadai mtu au kitu kinachoviziwa, na lurk mara nyingi haikitaji. Kama aya inamtaja, basi ongeza "akimvizia". (Wanaosoma kundi la WhatsApp bila kuandika chochote nao huitwa lurkers. Hapo ubaya umeshapungua, kujibanza kumebaki.)

Wanne waliobaki waulize wanakwenda wapi. Sneak ina mwisho wa safari, into, out of au past, na kuna mtu aliye macho anayekwepwa: mlinzi, mzazi, mwalimu. Kosa lenyewe laweza kuwa dogo tu. Mwanafunzi aliyechomoka bwenini usiku "sneaked out", na "alichomoka" au "alitoroka kimyakimya" inatosha.

Creep nayo hufika, ila uzito wake uko kwenye mwendo: polepole, karibu na ardhi, bila kishindo. Mama anayetoka chumbani asimwamshe mtoto "creeps out", wala hana hatia. Huyu ndiye "kunyata" inamkaa sawasawa. Akiwa na shabaha mbele yake, yaani creep up on, ndipo useme "kumnyatia" au "kumnyemelea". Kazi ambayo Kiingereza huwapa up on, sisi tunaifanya ndani ya kitenzi chenyewe, kwa kauli ya kutendea.

Prowl haifiki popote. Ni kuzunguka eneo ukitafuta windo ambalo hujalipata bado, na jina la eneo laweza kufuata moja kwa moja: prowl the streets. Waraka wa Kwanza wa Petro 5:8 katika Biblia ya Kiswahili unasema Ibilisi, kama simba angurumaye, huzungukazunguka akitafuta mtu ammeze. Tafsiri kadhaa za kisasa za Kiingereza hapo zina prowls. Angalia kwamba Kiswahili kimehitaji vipande viwili, kuzunguka na kutafuta. Ukiacha kimoja, simba wako atakuwa anatembea tu jioni.

Skulk ndiyo ngumu, kwa sababu tofauti iko moyoni. Anayejificha hivi anaongozwa na woga, aibu au ukwepaji wa wajibu. Neno lilitoka lugha za Skandinavia, na hadi leo skulke ya Kidenmaki ni kutega kazi au kutoroka shule. "Kujifichaficha" hufaa, kama kuna kazi inayokwepwa, "kutega" ni bora zaidi. Jirani yake ni slink, lakini huyo huwa anaondoka: away, off, out. Mfikirie mbwa aliyekemewa jikoni, mkia katikati ya miguu. "He slunk away" ni "alinywea akaondoka", na sidhani kuna kitenzi cha Kiingereza chenye pacha mzuri zaidi ya huyo "kunywea".

SWALI: Nilitafsiri "She stole out of the shop" kuwa "aliiba dukani". Nimeambiwa nimekosa. Kwa nini? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kisumu)

JIBU: Kosa lako liko kwenye kihusishi. "Stole from the shop" ni aliiba dukani. "Stole out of the shop" ni alitoka dukani kimyakimya, na huenda alilipa kila kitu. Steal yenye maana ya wizi kwa kawaida hufuatwa na kitu kilichoibwa au from. Ikifuatwa na into, out of, away au up on bila kitu kilichoibwa, ni mwendo laini wa siri, na utaikuta zaidi vitabuni kuliko mdomoni.

SWALI: Sneaked au snuck? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kwenye mtihani andika sneaked. Snuck ilizuka Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na sasa imeenea huko na Kanada. Zilizobaki: creep hutoa crept, slink hutoa slunk. Lurk, skulk na prowl huongezewa -ed tu.

SWALI: Mimi ni mlinzi wa usiku. Niliandika kwenye ripoti "A man was stalking at the gate", msimamizi akacheka. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Stalk (hutamkwa "stok", l ni bubu) ni kunyemelea au kumfuatafuata, nayo huhitaji windo: stalk a deer, stalk a woman. Bila windo inageuka kabisa. "He stalked out" ni alitoka kwa hasira, kifua mbele, bila kujificha hata kidogo. Tena ina uzito wa kisheria: California ilitunga sheria dhidi ya kumfuatafuata mtu mwaka 1990, na Uingereza na Wales zililifanya kosa linalojitegemea mwaka 2012.

Kwenye ripoti lurk, prowl na skulk nazo ziepuke, kwa kuwa kila moja imeshamhukumu mtu. Wakili atakuuliza ulijuaje nia yake. Hata loiter, ile ya vibao vya "No loitering", inadai kwamba hakuwa na shughuli, na hilo pia hukuliona. Andika ulichokiona na saa yake: "At 2.10 a.m. a man stood behind the gate pillar for about ten minutes. He walked round the wall twice and left when I switched on the light."