Jibu: Shuka la viraka kujikunja baada ya kufuliwa

Dada, umeuliza kwa nini shuka lako la viraka limejikunja lilipofuliwa mara ya kwanza. Nadhani ulichanganya pamba mpya na vitambaa vya zamani. Pamba mpya husinyaa ikifuliwa. Ya zamani ilishasinyaa siku nyingi, basi mshono unavutwa upande mmoja. Safari ijayo fua vyote, upige pasi, ndipo ukate. Ukingo wa mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na mkato, acha milimita 6, na ziwe hizo hizo kila kipande. Kupiga pasi kila mshono kunawachosha wengi, ila mimi napenda kuliko hata kushona, hasa pembe nne zikikutana barabara! Hilo lililojikunja usilifumue. Chambua uzi wa kudarizi, ule wa nyuzi 6 zilizoshikana, tumia nyuzi 2 tu, udarizi maua juu ya mishono.