Una kifafa na una mimba: dawa usiache, na kunyonyesha utanyonyesha

Mdogo wangu wa Sakina, Arusha, umeuliza kama uache dawa kwa kuwa una mimba ya miezi miwili, na kama ni kweli anavyosema shangazi yako kwamba maziwa yako yatampa mtoto kifafa. Mimi nina kifafa tangu shule ya msingi, na wanangu nimewanyonyesha hapa Moshi huku nameza kabamazepini. Dawa usiache. Ukikatiza ghafla unaweza kuanguka mfululizo, na hapo mnaumia wote wawili.

Ila hujataja unameza dawa gani. Kama ni valproeti, kesho asubuhi nenda hospitali ya Mount Meru, usingoje tarehe ya kliniki. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwa mimba: karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro, na wengine huchelewa kuongea na kujifunza. Hata hivyo endelea kuimeza mpaka daktari akubadilishie. Kama ni lamotrijini, mwili wa mjamzito huiondoa haraka, kwa hiyo dozi huweza kupandishwa, kisha ikashushwa ukishajifungua. Ulizia na foliki asidi ya miligramu 5, maana iliyomo kwenye vidonge vya kuongeza damu ni kidogo. Kwenye kadi waandike wazi kwamba una kifafa cha siku zote, wasije wakakichanganya na kile cha mimba kinachotokana na presha.

Shangazi mwambie kifafa hakiambukizi, si kwa maziwa wala kwa mate. Dawa hupita kidogo kwenye maziwa, na mtoto alishaizoea tumboni. Wanaotumia fenobabitoni ndio wawe macho zaidi: mtoto akisinzia mno hata kunyonya hataki, au uzito haupandi, mrudishe hospitali.

Kwangu mimi shida ilikuwa usiku. Mimba nzima nilikaa salama, lakini mtoto anapokuamsha kila mara, usingizi ukikatika ndipo kifafa kinapokutafuta. Sisi Wachaga mzazi anakaa ndani analishwa mtori, mama mkwe ndiye mwenye nyumba. Nikamwambia mama, mtori hata jirani atapika, wewe nisaidie usiku. Nilikuwa nakamua maziwa kabla ya kulala, naweka kwenye kikombe safi chenye mfuniko (bila friji yasizidi muda wa saa 4), mtoto akiamka mara ya kwanza anamnywesha yeye. Alinung'unika sana, mtoto ana mama yake kwa nini anywe kikombe! Akazoea.

Kunyonyesha, kaa chini kwenye godoro, mgongo ukutani. Nepi badilishia hapohapo. Kumwogesha, asikose mtu karibu, na jiko la mkaa waachie wengine hasa ukiwa umembeba mtoto.

Halafu utakapofika kwenye uzazi wa mpango, mtaje nesi dawa yako kabla hajakuwekea kijiti. Kabamazepini na fenobabitoni hupunguza nguvu ya kijiti na ya vidonge. Kitanzi na sindano ya miezi mitatu havina shida hiyo.