Mume wangu amebaki na neno moja

"Shangazi, mume wangu ni fundi wa masanduku pale Kamukunji. Alipata kiharusi miezi saba iliyopita. Mkono wa kulia unaanza kushika, lakini maneno yamegoma. Ukimwuliza chochote anajibu 'kesho, kesho', kisha anagonga meza kwa hasira. Wageni wanasema amerudi utotoni. Je, akili imepotea?" Mama Kioko, Kayole.

Pole sana, Mama Kioko. Hapana, mumeo hajawa mtoto. Hali hiyo huitwa afasia: kiharusi kimejeruhi sehemu ya ubongo inayoshughulika na lugha, mara nyingi upande wa kushoto, ambao ndio unaoongoza mkono wa kulia, ndiyo maana mkono huo nao hulegea. Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa aliyebakiwa na silabi "tan" tu, ilhali mengi aliyoambiwa aliyaelewa. Baba Kioko anagonga meza kwa sababu anajua "kesho" silo neno alilolitaka.

Baba yangu naye yalimpata. Siku moja alinyooshea kikombe kidole akasema "gari". Nikamkazania: sema kikombe, baba, kikombe. Alinitazama, akageukia ukutani, chai ikapoa. Mpaka leo inaniuma. Nilishaelewa kwamba anataka chai. Nilikuwa namdai nini tena?

Basi zima redio, keti mbele yake, uliza jambo moja kwa maneno machache, kisha nyamaza. Hesabu hadi kumi moyoni. Kimya hicho kitakuchoma, lakini mwenzio yumo humo anatafuta neno. Likikataa, mpe kalamu; fundi amechora vipimo maisha yake yote, na mkono wa kushoto unatosha. "Ndiyo" na "hapana" huweza kumchanganya, kwa hiyo mwonyeshe vitu viwili achague.

Usishangae akiimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, au Kikamba kikitangulia Kiswahili kurudi. Hutokea, wala si uchawi. Zungumza naye kwa lugha inayomjia.

Kliniki anakopimwa presha, omba aelekezwe kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo, lakini maneno huweza kuendelea kurudi hata baada ya miaka. Usikubali kuambiwa mmechelewa.

Na wageni wakikuuliza wewe, "Baba Kioko anaendeleaje?" naye ameketi pale pale, waambie wamwulize mwenyewe. Kisha msubirini nyote, hata jibu likiwa "kesho".